Dakika ya Arobaini na Moja

Benchi letu lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali mawili yaliyopandana, kwa hiyo anayekaa upande wa kulia huinama kidogo, kana kwamba anamnong'oneza jirani siri. Liko kwenye kona, mbele ya kibanda cha Fundi Waya, anayetengeneza redio na televisheni na hajawahi kumaliza siku bila waya shingoni. Kushoto hukaa Karani, mstaafu wa ofisi ya ardhi, mwenye methali kwa kila jambo isipokuwa jambo lenyewe. Katikati hukaa Rubani, anayesukuma mkokoteni wa mizigo na kuutajia urefu wa mawingu kila anaposhuka mteremko. Shangazi wa Birika ndiye mwenye kahawa, na kwa hiyo ndiye mwenye benchi. Mimi wananiita Dada Daftari. Sikulichagua jina hilo, ila siwezi kulikana nikiwa na daftari mkononi, na alasiri ile nilikuwa nalo mkononi kwa wiki ya tatu mfululizo.

Juu ya meza ya Fundi Waya kulikuwa na TV bapa ambayo mteja aliileta kutengenezwa akasahau kuirudia. Kando yake, kisanduku changu cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Kazi yake ni moja: unakichomekea flashi, kinaisoma video na kuionyesha kwenye TV, bila kompyuta wala intaneti. Rimoti yake ina vitufe ishirini na vinne. Ishirini na vitatu nimevifunika kwa karatasi ya gundi. Kilichobaki ni cha kuanzisha.

— Leo ya ngapi? aliuliza Shangazi akinimiminia kikombe.

— Ya ishirini na mbili.

— Ya ishirini na mbili! Rubani alipiga paja. Dada, hata mahari haijadiliwi mara ishirini na mbili.

— Mwache, alisema Karani. Haba na haba hujaza kibaba. Ndiyo maana flashi yake imejaa.

Nilikuwa nimechoka uchovu ule wa kutaka kulala ukiwa umekaa, macho wazi, watu wakikuona. Nilifungua daftari kwenye jedwali langu. Safu ya kwanza namba ya faili, ya pili ukubwa, ya tatu picha, ya nne sauti, ya tano dakika linapokwama.

Harusi ya dada yangu ilipigwa kwa kamera ya kisasa, na mpiga picha akatukabidhi sherehe nzima ndani ya faili moja la ubora wa juu kabisa, gigabaiti thelathini na nane. Kisanduku kililiangalia faili lile kikaandika: halitambuliki. Tangu hapo nimekuwa nikilibadilisha nyumbani kwenye kompyuta, kisha nalileta hapa kulijaribu, kwa sababu mimi sina TV. Faili la tatu lilitoa picha bila sauti. La saba, sauti bila picha. La kumi na moja liligeuza watu wote kijani, wazee kwa watoto. La kumi na nne lilianza vizuri, lakini sura ya dada ikawa vigae vigae kama sakafu ya bafu.

— Mimi bado sielewi, alisema Rubani. Video ni video. Simu yangu inaicheza.

— Simu yako ina ubongo mkubwa, nikasema. Hebu chukua faili kama kanga iliyokunjwa. Kuna mikunjo mingi. Kisanduku kimefundishwa kukunjua michache tu. Ukikipa mkunjo kisioujua, kinakaa na kanga mapajani hivyohivyo.

— Sasa umesema, alisema Shangazi. Maneno yote yale ya juzi, ya kodi na biti, ulikuwa unatutesa bure.

— Kodeki, Shangazi. Ndiyo mikunjo yenyewe.

— Hiyohiyo.

Nilichomeka flashi. Fundi Waya alitoka kibandani na kisu cha kuchunia waya mdomoni, akaketi upande wa kulia, akainama.

— Ikikataa leo?

— Gari la mizigo la kwenda kwa mama mkubwa linapita saa kumi na nusu, nikamwambia. Lisipoondoka na kisanduku, ni mpaka wiki mbili tena.

Hakuna aliyeuliza kwa nini wiki mbili ni nyingi. Walikuwa wanajua. Mama mkubwa, dada yake mama, ndiye aliyetulea mimi na dada tangu mama yetu alipofariki, mimi nikiwa na miaka minne. Sasa anaanza kusahau. Harusi ilikuwa miezi miwili na siku tisa zilizopita, naye hakuweza kusafiri. Kila Jumapili dada anampigia simu, na kila Jumapili mama mkubwa anamuuliza, "Mwanangu, unaolewa lini?" Dada anamwambia ameshaolewa. Mama mkubwa anafurahi upya, anapiga vigelegele kwenye simu, kisha kabla ya kuagana anauliza tena. Jumapili iliyopita hakuuliza harusi. Aliuliza, "Nani mwenzangu?"

Ndipo dada akaniambia: aione kwa macho yake, hata mara moja, kabla haijawa picha za watu asiowajua.

Nilibonyeza kitufe. TV ikawa nyeusi, kisha kijani kwa sekunde moja iliyoniua, kisha harusi ikatokea.

— Sauti! alisema Fundi Waya.

— Kimya, nikasema.

— Kimya kingi kina mshindo mkubwa, alisema Karani. Subirini, mshindo unakuja.

Sauti haikuja. Fundi Waya alinyoosha mkono, akabonyeza kitufe cha TV kurudisha sauti, ambayo mwenyewe alikuwa ameizima asubuhi ili amsikie mteja. Ngoma zikalipuka. Shangazi nusura amwage birika.

— Mnaona? alisema Karani.

Niliandika: picha, ndiyo, sauti, ndiyo. Nikausogeza mkanda mbele hadi dakika ya thelathini na nane, kwa kitufe kidogo kilichoko ubavuni mwa kisanduku. Tatizo halikuwa mwanzo. Tatizo lilikuwa dakika ya arobaini na moja na sekunde kumi na mbili.

Hapo, katika kila faili lililowahi kucheza, bwana na bibi harusi wanatoka mlangoni, watu wanawarushia maua, na dada anasimama mbele ya kamera kusema na mama mkubwa. Na hapohapo, kila mara, picha inaganda. Dada anabaki amefumbua mdomo, petali hewani, na sauti inakatikakatika kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Ikizinduka, dada ameshapita. Sherehe ya saa tatu, na kisanduku kinakwama kwenye sekunde ishirini ambazo ndizo zilizoifanya sherehe yote itumwe.

— Mimi nimelifikiria jambo hili, alisema Karani. Kisanduku kinachoka. Dakika arobaini na moja si mchezo. Mimi mwenyewe kanisani dakika ya arobaini hunikuta ninasinzia.

— Nilishakianzisha hapohapo kwenye arobaini, nikasema. Bado kilikwama.

— Basi ni joto, alisema Fundi Waya. Kipepewe mgongo kwa feni.

— Tulikipepea kwenye faili la kumi na tisa. Imo humu. "Feni: ndiyo. Kukwama: ndiyo."

— Ni mlango, alisema Shangazi. Wanatoka ndani kwenda nje. Jua linakipiga machoni.

— Shangazi, kisanduku hakina macho.

— Kinaonyeshaje watu kama hakioni?

Niliandika: jua, hapana.

— Mimi nasema ni hasidi, alisema Karani. Chunguzeni nani kasimama nyuma ya bibi harusi. Yule wa kofia. Mimi simwamini tangu faili la tisa.

— Huyo ni baba wa bwana harusi!

— Kikulacho ki nguoni mwako.

Rubani alikuwa akizungusha kikombe. Alipoongea aliongea taratibu, kama mtu anayekadiria mzigo.

— Kinahesabu maua.

Tukacheka wote, na mimi nikacheka, kicheko kibovu cha mtu ambaye hajalala.

— Chekeni. Mimi ni mtu wa mizigo. Nikipewa magunia kumi, nayabeba. Nikipewa karatasi elfu kumi, kila moja peke yake, na upepo unavuma, na natakiwa nijue kila karatasi ilipo, nasimama katikati ya barabara. Si kwamba ni nzito. Ni nyingi, na zote zinatembea. Kisanduku kinaonyesha ukuta, ukuta umetulia. Mtu mmoja anapita, sawa. Sasa mmekimwagia petali elfu, kila moja inakwenda kwake. Kisimame kisisimame?

— Rubani, alisema Fundi Waya, leo umepaa juu mno. Shuka, hewa ni nyembamba huko.

Lakini mimi nilikuwa nimeacha kucheka. Nilirudisha kurasa hadi faili la ishirini, ambapo kwa mwandiko wangu wa saa za uchovu nilikuwa nimeandika: "Mzigo wa data kwa sekunde unapanda ghafla 41:12. Kwa nini???" Alama tatu za kuuliza. Huwa siandiki zaidi ya moja.

— Ni kweli, nikasema.

— Nini ni kweli?

— Anachosema. Kila kinachotembea kwenye picha kinaongeza mzigo. Maua ndiyo mzigo wenyewe. Faili hili la leo nimeliwekea kikomo: popote mzigo unapozidi, picha ipungue ubora kidogo, isikwame. Nilifanya hivyo kwa kubahatisha. Sikujua ni maua.

Rubani aliinua kikombe chake kwa Shangazi kama mtu anayedai haki yake. Shangazi akakijaza mpaka ukingoni.

— Thelathini na tisa, alisoma Fundi Waya kwenye kioo. Arobaini.

Hata Karani alisogea mbele. Benchi likalalamika. Mlango ukafunguliwa, dada akatokea, mkono wa kwanza ukarusha, petali zikajaa TV nzima. Nilifumba jicho moja. Petali zilikuwa na ukungu kidogo pembezoni, kama zimechorwa kwa chaki, lakini zilishuka, zote zilishuka, hadi chini.

"Mama mkubwa," alisema dada kwenye kioo, "ni mimi. Nimeolewa leo. Tazama." Akainua pindo la gauni. "Viatu vyako vyeupe. Vinanipwaya, nimevitia pamba vidoleni. Umeviona? Nimetembea navyo kwa niaba yako."

Akacheka, akapita.

Shangazi alijipangusa uso kwa pindo la kanga, akasema ni moshi. Jiko lilikuwa upande wa pili wa upepo.

— Andika, Fundi Waya aliniambia. Andika basi, tuone.

Niliandika: 22. Gigabaiti tatu na nukta sita. Picha, ndiyo. Sauti, ndiyo. Kukwama, hapana.

— Mwenda pole hajikwai, alisema Karani.

— Kimejikwaa mara ishirini na moja, mzee! alisema Fundi Waya.

— Ndiyo maana nasema.

Nilianza kukifunga kisanduku ndani ya taulo dogo, flashi ikiwa imechomekwa ili mtu asihangaike nayo, rimoti juu, na karatasi niliyoandika kwa herufi kubwa: BONYEZA KITUFE KILICHO WAZI. Shangazi alinitazama muda mrefu.

— Na wewe, mwanangu, hutaki kukipeleka mwenyewe?

— Kazi, Shangazi.

— Kazi gani hiyo, mwaka mzima hujaenda?

— Mwaka na miezi minne, nikasema. Sikuweza kujizuia kusahihisha.

— Basi mwaka na miezi minne.

Nilikaza fundo la taulo. Nikawaambia, kwa sababu nilikuwa nimechoka na uchovu hulegeza ulimi. Mara ya mwisho nilipokwenda, mama mkubwa alikuwa kibarazani anachambua mboga. Nikamwamkia. Akaniinulia macho, akatabasamu vizuri sana, tabasamu la adabu, akasogeza kigoda akasema, "Karibu, mgeni." Nilikaa siku tatu. Alinihudumia siku zote tatu kama mgeni. Chai kwenye kikombe cha kabatini.

— Lakini dada yako, mama mkubwa anamjua, alisema Rubani polepole.

— Alikuwa anamjua.

Honi ililia kwenye kona. Gari la mizigo lilisimama nusu barabarani, na dereva akashuka na orodha yake mkononi, jasho likimtiririka. Alikuwa mgeni kwetu. Yule wa siku zote alikuwa mgonjwa. Alikubali nusu kikombe, akakinywa akiwa amesimama.

— Ndicho hiki? Kitu gani?

Walimweleza wote kwa pamoja. Kanga, petali, mkono wa hasidi, faili la ishirini na mbili. Alisikiliza kwa subira ya mtu anayelipwa kwa safari na si kwa saa, kisha akakigeuza kisanduku, akaangalia tundu lake la nyuma.

— Na TV ya huko ikoje?

— Ikoje vipi? nikasema.

— Bapa kama hii, au lile sanduku la zamani lenye kisogo? Maana nyumbani kwetu tunalo la kisogo. Waya kama huu hauingii.

Fundi Waya alinitazama. Mimi nikalitazama daftari. Safu tano, mistari ishirini na miwili, feni, joto, sekunde, gigabaiti. Hakuna mahali nilipoandika TV.

— Nilimuuliza jirani kama TV ipo, nikasema. Akasema ipo.

— Ipo, alisema Karani. Hilo si haba.

— Si umekulia humo? aliuliza Rubani. Si unaikumbuka?

Niliikumbuka. Nilikumbuka kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, chenye ncha tatu mbele. Nilikumbuka picha ya mama yetu juu yake, na mwiko wa kukigusa. Nilijaribu kukumbuka kilichokuwa chini ya kitambaa. Nilifagia sebule ile kwa miaka kumi na minne, na sikumbuki hata siku moja TV ile ikiwa imewaka.

— Nadhani ina kisogo, nikasema. Sijui kama inawaka.

— Mpigie jirani, alisema Shangazi.

Nilipiga. Iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Fundi Waya alikuwa ameshaingia kibandani, anarusha vitu: waya wa rangi tatu, waya wa antena, kijisanduku cha kugeuza kile kuwa hiki.

— Nampa vyote! Mmoja utaingia!

— Na nani ataujua ni upi? alisema dereva.

— Achukue hii TV yangu! alisema Fundi Waya. Mteja mwenyewe harudi!

— Nitaifikisha garini kwa mkokoteni, alisema Rubani, akasimama kabisa. Dakika moja, kama upepo ni wa nyuma.

— Samaki mkunje angali mbichi, alisema Karani, akijaribu kuuingiza waya wa rangi tatu kwenye tundu lisilo lake.

— Mzee, utalivunja!

Dereva aliangalia saa yake. Hakuwa na haraka ya ubaya, alikuwa na haraka ya kazi.

— Jamani. Vyote nitabeba, TV na waya na sanduku. Mimi nashusha mlangoni naondoka. Nani atavifunga?

Simu iliita mara ya tatu, ikakata. Nilitazama taulo. Nilikuwa nimelifunga vizuri, fundo mara mbili, na herufi kubwa juu, BONYEZA KITUFE KILICHO WAZI, maagizo kwa mtu ambaye sikuwahi kujiuliza ni nani.

— Mbele kuna nafasi? nikauliza.

— Ipo moja.

Nilimpa Shangazi kikombe changu. Fundi Waya aliizungushia TV blanketi, Rubani akaibeba kifuani kama mtoto mwenye homa, wakailaza nyuma kati ya magunia. Mfuko wa waya nilipewa mkononi. Nilikaa kiti cha mbele na kisanduku mapajani, daftari juu yake. Nilichora safu ya sita, nikaandika kichwa chake: TV. Halafu nikaona nafasi imebaki pembeni, nikachora ya saba, sikuipa jina.

Wote wanne walikuja dirishani. Dereva aliketi, akafungua orodha yake, akaweka kalamu kwenye mstari wa abiria.

— Tutafika kumeshaingia giza, dada. Siwezi kumwacha mtu mlangoni kwa watu gizani hivihivi. Huyo unayemwendea anakujua?

Nilifungua mdomo. Rubani alitazama gurudumu. Fundi Waya alishika waya wa shingoni kwa mikono miwili. Karani, aliyekosea methali alasiri nzima, alianza:

— Mgeni njoo...

Nilimwona akiimeza iliyobaki.

Shangazi aliinamisha birika juu ya kikombe nilichompa, akaliinamisha zaidi, mpaka mfuniko ukaanguka. Kahawa ilikuwa imekwisha. Dereva bado alikuwa ameshika kalamu, ananisubiri nijibu.